Alisema saa nne usiku, mimi nikaandika 4.00

MUULIZE MAMA DAKTARI: Barua za wasomaji

*Shikamoo Mama Daktari. Mimi ni daktari katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Tangu Januari nimekabidhiwa madaktari sita wa mafunzo kwa vitendo niwasimamie. Ni vijana wazuri, wana bidii, vitabu wamevisoma. Shida ni mafaili. Mgonjwa amelazwa siku tano, ukifungua faili unakuta mistari mitatu. Saa hamna, sahihi haisomeki, na karibu kila mmoja ameandikwa ana homa, hata ambaye hajapimwa joto. Nimewafanyia semina ya saa mbili, slaidi 46. Walipiga makofi, na wiki iliyofuata hakuna kilichobadilika. Siku hizi nawakemea mbele ya wagonjwa na najiona nimekuwa mtu nisiyempenda. Nawafundishaje kuandika?*
*Daktari Msimamizi*

Marahaba mwanangu. Barua yako imenirudisha mwaka 1991, na sina budi kukusimulia kabla ya kukujibu.

Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo kama hao vijana wako, zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Akaja mama wa mimba ya kwanza, mama mkwe wake nyuma amebeba beseni na kanga. Nikamuuliza chupa ya uzazi imepasuka saa ngapi, yaani maji yametoka lini. Akasema saa nne. Nikaandika kwa Kiingereza, kama tulivyofundishwa: chupa imepasuka 4.00. Kichwani mwangu nilijua ni saa nne ya usiku uleule. Karatasi haikujua. Asubuhi mwenzangu akapokea zamu, akaisoma 4.00 kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, yaani alfajiri, saa kumi yetu. Saa sita zikapotea hapo.

Mama alijifungua saa kumi na mbili jioni. Kwa hesabu ya faili, saa 14 tu zilikuwa zimepita tangu chupa ipasuke. Kwa hesabu ya kweli zilikuwa 20. Leo tunawafundisha wanafunzi kwamba zikifika 18 mtoto yuko kwenye hatari ya maambukizi, aangaliwe kwa karibu. Mtoto yule aliruhusiwa kesho yake. Siku ya tatu akarudishwa anawaka, hanyonyi. Siku ya nne akafariki. Siwezi kukuapia kwamba saa zile sita ndizo zilizomchukua, maana watoto wachanga wanapata maambukizi kwa njia nyingi. Lakini namkumbuka mama yake, amekaa ukingoni mwa kitanda, maziwa yamelowesha gauni kifuani, akaniuliza taratibu: "Dada, mimi si nilikwambia saa nne ya usiku?" Hakuwa analalamika. Alitaka kujua kama yeye ndiye aliyeniambia vibaya.

Sasa, vijana wako. Mimi ningeanzia kwenye lugha, maana huko ndiko faili linakoharibikia kabla hata kalamu haijagusa karatasi. Mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kilichotafsiriwa na mtoto wa shangazi yake, na daktari anaandika kwa Kiingereza. Kila mara kuna kitu kinaanguka njiani. Chukua hilo neno lako, homa. Mtu wetu akisema "nina homa" anaweza kuwa na maana joto limepanda, au mwili umechoka, au viungo vinauma, au anaumwa tu. Kijana anaandika neno la Kiingereza la joto kupanda, bila kipimajoto. Aliyeko zamu ya usiku anasoma, anaagiza kipimo cha malaria, kinatoka hakuna, anaandika antibiotiki. Kumbe mzee wa watu ana upungufu wa damu.

Kuna maneno mengine ya namna hiyo. "Kifua": ni kikohozi, ni pumu, ni maumivu ya moyo, ni TB ya zamani? "Presha": imepanda au imeshuka? Watu wetu wanasema "presha ilinishika" hata kwa hofu tu. "Tumbo": la chakula au la uzazi? Na "moyo unaenda mbio" si sawa na "moyo unashtuka". Mgonjwa anajua tofauti yake. Ukimtafsiri haraka umeifuta.

Kwa hiyo sheria ya kwanza niliyowawekea waliopita mikononi mwangu ilikuwa hii: mstari wa kwanza wa malalamiko ya mgonjwa unaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, ndani ya alama za kunukuu. "Kifua kinanibana nikipanda mlima, nikisimama kinaacha." Halafu ndipo uandike kwa Kiingereza unavyofikiri wewe. Wengine waliniambia ni ushamba kuchanganya lugha kwenye faili. Hapana. Mmarekani mmoja, Dkt. Lawrence Weed, aliandika mwaka 1968 hoja iliyobadilisha mafaili ya hospitali duniani, na kiini chake ndicho hicho: alichosema mgonjwa kikae peke yake, ulichokiona na kukipima wewe kikae peke yake, unachofikiri kikae peke yake, na utakachofanya kikae peke yake. Vijana wako wanaujua mpangilio huo kwa herufi zake nne za Kiingereza, SOAP, waliufanyia mtihani. Ila wanaandika mawazo yao mahali pa maneno ya mgonjwa, na hakuna aliyewahi kuwasimamisha.

Kisha, kabla hajaondoka kitandani, amsomee mgonjwa alichoandika. "Mama, umesema damu ilianza juzi baada ya kuteka maji, nimesikia sawa?" Inachukua nusu dakika. Nimeona wagonjwa wakisema, "Hapana daktari, si juzi, ni juzi ya wiki iliyopita," na utambuzi mzima ukageuka.

Na saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, basi. 22:00 haina tafsiri mbili. Mgonjwa akikuambia saa nne, uliza ya asubuhi au ya usiku, umhesabie mwenyewe: "Ilikuwa kabla ya taarifa ya habari au baada?"

Kuhusu semina yako: slaidi hazifundishi kuandika, kama ambavyo hazifundishi kushona kidonda. Fanya hivi. Chagua siku moja ya wiki, mimi ilikuwa Alhamisi saa saba mchana baada ya kliniki. Chukua faili tano bila kuwaambia utachukua zipi. Mpe kila kijana faili ambalo hakuliandika yeye, umwambie: "Ni saa nane usiku. Muuguzi amekuita kitanda namba saba, mgonjwa amebadilika. Aliyemlaza yuko nyumbani amelala, simu imezimwa. Una faili hili tu. Mgonjwa huyu ni nani, ana nini, amepewa nini, mara ya mwisho saa ngapi, na tulikuwa tunasubiri nini?" Mwache asome kwa sauti. Kila asichoweza kujibu, kiandikwe ubaoni. Mtu anayeshindwa kumtibu mgonjwa kwa sababu ya maandishi ya mwenzake anajifunza zaidi kwa dakika kumi kuliko kwa slaidi 46, na aliyeandika naye yuko palepale anasikia. Usimtaje jina. Atajijua.

Ila faili la kwanza la Alhamisi ya kwanza liwe lako. Nasema hivi kwa upendo, mwanangu. Hao vijana hawakuzaliwa wakiandika mistari mitatu, wamemwona bingwa kwenye raundi, ule mzunguko wa kuwapitia wagonjwa vitandani, akisema "endelea na dawa zilezile" huku akihamia kitanda kingine, na daktari wa mafunzo anakimbia nyuma yake amekumbatia mafaili manane akiandika kwenye goti. Kama raundi yako inakwenda mbio, hakuna mafunzo yatakayoshika. Simama. Mmoja ampime mgonjwa, mwingine aandike, na usihame kitanda mpaka aliyeandika asome mpango kwa sauti na muuguzi wa wodi aitikie. Raundi itarefuka. Kwangu ilirefuka karibu nusu saa, na simu za usiku zikapungua.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Ukikuta wodi nzima ina presha ya 120/80 na kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika, ujue hakuna aliyehesabu. Usibishane nao. Mpe kijana saa ya mkono, ahesabu pumzi za mtoto mwenye kifua dakika nzima mbele yako, aone mwenyewe pumzi 64 kwa dakika zinavyoonekana. Dozi: nusu miligramu iandikwe 0.5, sifuri ikiwa mbele, kwa sababu nukta peke yake ikififia inakuwa 5. Na insulini, neno "yuniti" liandikwe lote. Ile herufi U peke yake imesomwa kama sifuri mara nyingi mno, 4 ikawa 40, hadi chombo cha Marekani kinachotoa ithibati kwa hospitali kikaiweka kwenye orodha ya vifupisho vilivyokatazwa, mwaka 2004. Majina matatu kila ukurasa, na namba ya hospitali, maana Hamisi Juma na Juma Hamisi watalazwa vitanda jirani siku utakayokuwa umechoka. Na kama hospitali yenu imehamia kwenye kompyuta, angalia tabia ya kunakili maelezo ya jana na kuyabandika leo. Nimewahi kusoma kwamba mgonjwa "anaendelea na dripu" siku mbili baada ya dripu kutolewa, maneno yaleyale, hadi kosa lilelile la herufi.

Na wakataze kupiga picha kurasa za faili na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo katika zile nyeti. Wakitaka ushauri wa bingwa, wampigie.

Kuwakemea mbele ya wagonjwa, acha leo. Kijana anayeogopa faili lake kusomwa huanza kuandika kidogo zaidi, ili asikamatwe. Au, vibaya zaidi, huandika vizuri kitu ambacho hakukifanya.

*Mama Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi mkunga, kituo cha afya. Tunazidiwa leba, wakati mwingine niko peke yangu na akina mama watano. Patografu, zile karatasi za kufuatilia uchungu wa uzazi, zinabaki tupu. Akina mama wakishajifungua, daktari ananiambia nizijaze zote ili wakaguzi wakija wazikute. Najisikia vibaya. Nifanye nini?*
*Mkunga, Lindi*

Marahaba, na pole kwa kazi. Usizijaze hivyo.

Nikueleze karatasi hiyo ilitoka wapi, pengine itakusaidia kumweleza daktari wako. Mchoro wenye mistari miwili ya tahadhari na ya kuchukua hatua ulitengenezwa na madaktari Philpott na Castle, wakauchapisha mwaka 1972, huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Waliufanya kwa ajili ya watu kama wewe: wakunga wa vituo vya mbali, peke yao usiku, wanaotakiwa kuamua mama huyu abaki au apelekwe hospitali kubwa. Njia ya uzazi inatarajiwa kufunguka walau sentimita moja kwa saa. Ukivuka mstari wa kwanza unaanza kupanga safari, na mstari wa pili uko muda wa saa nne mbele yake ili gari lipate muda wa kufika. Hata fomu mpya ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, iliyobadilisha hesabu hiyo ya sentimita na inayoanzia sentimita tano, iko kwa kazi hiyohiyo. Ni karatasi ya kuamulia. Mtoto akishazaliwa hakuna cha kuamua tena.

Na patografu ya kujazwa baadaye inajulikana. Mstari unapanda mnyoofu kama umepigwa rula, mapigo ya mtoto 140, 140, 140, wino mmoja, mwandiko mmoja usiotetemeka. Ya kweli ina doa la maji na kalamu mbili.

Kama ulizidiwa, andika ukweli, kwa saa uliyokaa kuandika: "Naandika 03:40. Mama alipimwa 23:00 na 02:15. Katikati sikumpima, nilikuwa na mama mwingine anayetoka damu." Hiyo ni kumbukumbu halali na ni kinga yako. Ukikosea mahali, piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, uandike lililo sahihi pembeni, na jina lako na saa. Usifute kwa ile rangi nyeupe. Na wakaguzi wakizikuta patografu tano zenye mapengo na maelezo kama hayo, hapo ndipo mganga mfawidhi atapata hoja ya kuomba mkunga wa pili. Zikijazwa zote vizuri, nani ataamini kwamba ulikuwa peke yako?

*Habari ya kazi, Daktari. Ni klinikal ofisa Kilifi. Kwenye cheti cha kifo huwa tunaandika moyo na mapafu yamesimama. Juzi karani amekataa fomu yangu. Nimekosea wapi, na kila anayekufa moyo wake husimama?*

Nzuri, asante. Umejijibu mwenyewe kwenye hilo swali la mwisho. Kila anayekufa moyo wake husimama, kwa hiyo ukiandika hivyo hujasema kitu. Fomu ya kimataifa inataka mnyororo. Mstari wa juu, kilichomuua mwishoni. Chini yake, kilicholeta hicho. Chini tena, kilicholeta hicho kingine, hadi ufike kwenye chanzo. Mama aliyefariki baada ya kujifungua: juu, mshtuko wa kuishiwa damu. Chini, kuvuja damu baada ya kujifungua. Chini kabisa, mji wa mimba kushindwa kusinyaa. Upungufu wa damu aliokuja nao tangu kliniki unakwenda sehemu ya pili, kwa sababu ulichangia lakini haukuanzisha. Pembeni unaweka muda wa kila kimoja.

Ule mstari wa chini kabisa ndio unaohesabiwa katika takwimu za nchi. Ukiandika moyo kusimama, mama huyo hatahesabiwa kati ya waliofia uzazi, na dawa ya kukaza mji wa mimba itaagizwa kwa hesabu ya waliobaki. Na kama hukujua chanzo, andika hakijulikani. Usikisie ili karani afurahi.

*Mama, pole na majukumu. Mama yangu ana presha na sukari miaka mingi. Daftari lake la hospitali limejaa, tumenunua jipya, la zamani likalowa mvua. Kila tunapokwenda tunaulizwa upya alianza lini na anatumia nini. Natamani kulia.*
*Binti, Muheza*

Pole sana mwanangu. Lile la zamani usilitupe. Likaushe kivulini, juani kurasa zitakatika. Kisha zipige picha moja moja kwa simu, hata zile usizoweza kuzisoma, sisi tunazisoma.

Safari ijayo nenda na dawa zenyewe anazomeza, na paketi zake, mwombe daktari akuandikie ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: amegunduliwa nini na mwaka gani, dawa na vipimo vyake, dawa inayomdhuru kama ipo, aliwahi kupasuliwa nini, na namba yako ya simu. Atasema ana foleni. Mwambie, kwa heshima, utasubiri mpaka foleni ipungue. Akimaliza mwombe: "Daktari, nisomee ulichoandika." Mama yako akisikia kosa atasema. Nimewaona kina mama wasiojua kusoma wakimrekebisha daktari rangi ya kidonge, na wao ndio waliokuwa sahihi.

Daftari litie kwenye mfuko wa nailoni, likae mahali pamoja ambapo hata mjukuu anapajua. Na uniandikie tena akishakwenda, uniambie sukari yake asubuhi inasoma ngapi.